Save, Kilima Walichopewa Wageni

Anayepanda basi kituo cha Nyabugogo kuelekea kusini huvuka mto Nyabarongo kabla hata hajatulia kitini, kisha Kigali inabaki nyuma ya migomba. Muhanga, Ruhango, Nyanza: miji inafuatana kando ya lami, kila mmoja na soko lake na kanisa lake la matofali. Kilomita chache kabla ya Huye, juu ya kilima upande wa wilaya ya Gisagara, kipo Save. Ni mji mdogo, wenye mashamba hadi mlangoni. Una parokia, masista, chuo cha ualimu, na tangu 2010 Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rwanda. Wanafunzi ni wengi kuliko wafanyabiashara. Msafiri asiyejua historia ya mahali hapo atajiuliza kwa nini shule zote hizo zimerundikana kwenye kilima kimoja cha kijijini, na si mjini.

Jibu lina zaidi ya miaka 120, na linaanza na mfalme aliyefichwa.

Mwanzoni mwa Februari 1900, msafara wa Askofu Jean-Joseph Hirth wa Wamisionari wa Afrika, wale ambao Afrika Mashariki yote iliwaita Mapadre Weupe, uliingia Nyanza kwenye makao ya Mwami Yuhi Musinga. Musinga alikuwa bado kijana. Alikuwa amekalishwa kitini baada ya umwagaji damu wa Rucunshu wa mwaka 1896, na nguvu hasa zilikuwa mikononi mwa mama yake, Kanjogera, na mjomba wake Kabare. Watu hao wawili hawakuwa tayari kumwonyesha mfalme wao kwa wageni wasiojulikana nia yao. Aliyeketi mbele ya askofu siku hiyo alikuwa mtu mwingine, Mpamarugamba, aliyevikwa heshima za kifalme kwa ajili ya mazungumzo hayo. Hirth aliomba kiwanja karibu na ikulu. Walimpa Save.

Huwezi kusema walikosea hesabu. Save ilikuwa mbali na ikulu kiasi cha kutosha, katika nchi ya Bwanamukari ambako amri za Nyanza zilipokelewa shingo upande. Wageni wakileta balaa, balaa hilo litawaangukia watu ambao ikulu haikuwapenda sana. Tarehe 8 Februari 1900, mapadre Alphonse Brard na Paul Barthélemy, pamoja na Bruda Anselme, walipiga hema juu ya kilima. Ndivyo misheni ya kwanza ya Kikatoliki nchini Rwanda ilivyozaliwa, na pamoja nayo shule ya kwanza ya kusoma na kuandika.

Neno "shule" hapa linahitaji uangalifu. Rwanda haikuwa nchi isiyo na elimu. Vijana walioingia itorero, malezi ya jadi ya nchi hiyo, walifundishwa mashairi, historia, kucheza, kupigana na kunyamaza mbele ya wakubwa, na mafunzo hayo yalikuwa makali kuliko ya shule nyingi za leo. Kipya kilichofika Save kilikuwa herufi, na herufi hazikuletwa na Wazungu peke yao. Katika msafara walikuwamo Waganda, Wakristo wa kizazi cha kwanza waliotoka katika nchi ambako dini mpya na kitabu vilikuwa vimeshakuwa kitu kimoja. Huko Buganda Mkristo aliitwa msomaji, na wote kwa pamoja waliitwa abasomi. Mmoja wa makatekista hao, Tobi Kibati, ametajwa katika historia za Save. Mapadre walikuwa wachache na hawakujua Kinyarwanda. Waganda ndio waliosimama mbele ya watoto.

Basi mtoto wa kwanza wa Kinyarwanda aliyekutana na silabi alifundishwa na Mwafrika wa nchi jirani, kwa lugha za njia ya misafara: Kiganda kidogo, Kiswahili kidogo, na Kinyarwanda kilichokuwa kikiokotwa siku kwa siku. Hili halisemwi sana, na linastahili kusemwa. Linastahili pia kusemwa bila kulipamba, kwa kuwa baadhi ya makatekista hao walijigamba na kuwatendea wenyeji kwa ukali, na malalamiko dhidi yao yalikuwa mengi. Misheni yenyewe ilihitaji ardhi, vibarua, mbao na matofali, na jirani aliyepoteza shamba hakuona tofauti kubwa kati ya padre na chifu. Wengine walileta watoto kwa kutafuta mlinzi. Wengine waliwaficha.

Wanafunzi wa mwanzo walikuwa hasa watoto wa maskini, wengi wao Wahutu. Wakubwa walikaa mbali. Ikulu iliona kusoma dini ya wageni kuwa kumwasi mfalme. Mafundisho yalikuwa katekisimu ya kukariri, nyimbo, na kusoma. Aliyetaka ubatizo alingoja miaka, na katika miaka hiyo yote alikuwa mwanafunzi, apende asipende. Wa kwanza walibatizwa mwaka 1903. Mwaka uliofuata, vijana wa Rwanda walianza kupelekwa kwa miguu hadi seminari ya upande wa Bukoba, katika nchi ya Wahaya, safari ambayo leo hukatwa kwa mipaka na vibanda vya forodha. Tarehe 7 Oktoba 1917, huko Kabgayi, Wanyarwanda wawili wa kwanza walipewa upadre: Balthazar Gafuku na Donat Leberaho. Tangu mahema ya Save zilikuwa zimepita miaka 17 tu.

Kutoka Save mbegu ilitawanyika haraka. Zaza ilifuata mwaka huohuo wa 1900, Nyundo 1901, Rwaza na Mibirizi 1903, Kabgayi 1906. Waprotestanti wa misheni ya Bethel walijenga Kirinda mwaka 1907. Na Kigali? Kigali ilichelewa, kwa sababu Kigali haikuwa kitu. Daktari Richard Kandt, Mjerumani aliyeteuliwa kuwa Rezidenti, alichagua kilima cha Nyarugenge mwaka 1907 kwa kuwa kilikuwa katikati ya nchi, akajenga boma na nyumba ambayo leo ni makumbusho. Kulizunguka boma hilo kulikua kijiji cha askari, wachukuzi, Wahindi wenye maduka, Waarabu, na Waswahili waliotoka pwani na Ujiji. Misheni ya Sainte-Famille ilifunguliwa mwaka 1913, ya kumi au zaidi katika orodha, na shule yake ikaanza kama za vilimani zilivyoanza: katekisimu, silabi, wimbo. Mpaka uhuru mwaka 1962, mji huo ulikuwa na watu wapatao 6,000 tu. Mzee wa Kigali akikuambia alisoma shule ya kijijini, huenda anazungumzia mahali ambapo leo pana jengo la ghorofa 20.

Tofauti ya Kigali ilikuwa lugha. Katika boma, sokoni na katika barua za serikali, Kiswahili ndicho kilichotawala. Wajerumani walikitumia kuendesha koloni lao zima, na walitaka shule ziwatolee makarani wanaokiandika. Musinga, aliyekataa ubatizo hadi kufa, alikuwa mwepesi kuona faida: alijifunza kusoma na kuandika Kiswahili. Lakini mapadre walikitilia shaka. Kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya msikiti. Walichagua Kinyarwanda, wakatunga katekisimu na sarufi, na mwaka 1933 Kabgayi ikatoa gazeti la Kinyamateka. Uamuzi huo ulikipa Kinyarwanda maandishi yake, na hakuna Mnyarwanda mwenye haki ya kuubeza. Ulikuwa na bei, hata hivyo, na walioilipa walikuwa watoto wa Biryogo.

Biryogo, chini ya Nyamirambo, ndiyo iliyoitwa Kambi ya Waswahili. Chini ya Wabelgiji, walioingia mwaka 1916, Waislamu wa mijini waliwekwa katika mitaa yao, na shule karibu zote zilikuwa mikononi mwa misheni. Mzazi Mwislamu alikuwa na njia mbili: ampeleke mwanawe shuleni na kumwona akibatizwa, au ambakishe katika chuo cha Qurani asijue Kifaransa, na kwa hiyo asipate kazi ya ofisini. Wengi walichagua la pili. Watoto wao wakawa madereva, mafundi, washonaji, wachuuzi. Baadaye watu wakasema kwamba Waswahili hawapendi shule.

Na bado Kiswahili hakikutoka darasani. Mtoto wa Rwanda anayekwenda *ishuri* anabeba *igitabo* na *ikaramu*, na anayemfundisha ni *umwarimu*. Shule yenyewe Kiswahili kiliikopa kwa Mjerumani, kalamu na kitabu na mwalimu kwa Mwarabu, kisha kikavipitisha hadi vilimani. Lugha ilifungiwa nje, vyombo vyake vikabaki mezani.

Miaka ya 1920 iligeuza mambo Save na kwingineko. Wabelgiji, wakishauriana na Askofu Léon Classe, waliamua kutawala kupitia machifu Watutsi na kuwaondoa wengine. Chifu wa aina mpya alipaswa kujua hesabu, ripoti na Kifaransa. Shule ya watoto wa machifu ilikuwapo Nyanza tangu 1919. Mwaka 1929 ikaja Groupe Scolaire ya Astrida, mji ambao leo ni Huye, chini ya Mabruda wa Charité kutoka Ubelgiji. Kutoka Save si mbali, lakini kati ya shule hizo mbili palikuwa na ukuta. Mwaka 1932 Astrida ilikuwa na wanafunzi Watutsi 45 na Wahutu 9 wa Rwanda. Serikali iliacha elimu ya wengi kwa misheni na kuilipia ruzuku. Watoto wa wakulima walipata miaka michache ya Kinyarwanda, dini na kilimo katika vibanda vya makatekista. Wateule walipata Kifaransa.

Musinga aliondolewa kitini Novemba 1931 na mwanawe Rudahigwa akawekwa. Machifu wakajaa makanisani. Mapadre waliliita wimbi hilo tufani. Wale ambao miaka thelathini nyuma waliwazuia watoto wasiende Save sasa waligombea nafasi za mbele. Na mwaka 1933 hadi 1934, serikali ilipohesabu watu na kuwapa vitambulisho vyenye neno Mhutu, Mtutsi au Mtwa, kile kilichokuwa nasaba, mifugo, na uhusiano wa mtu na mkubwa wake kikawa herufi kwenye karatasi. Shule ilikuwa imewafundisha watu kuamini karatasi.

Kuna sehemu ya Save ambayo kwa miaka mingi haikuandikwa. Masista Weupe, waliofika mwaka 1909, waliendesha pale taasisi ya watoto waliozaliwa na baba Mzungu na mama Mwafrika. Wengi wao hawakuwa yatima. Utawala wa kikoloni uliona aibu kwa kuwapo kwao, ukawatenga na mama zao na kuwakusanya kilimani, wasome, wasali, wasionekane. Uhuru ulipokaribia, mamia ya watoto walipelekwa Ubelgiji kwa ndege, wakagawanywa katika nyumba za watu wasiowajua, mara nyingi ndugu wakitenganishwa na majina yakibadilishwa. Aprili 2019 Waziri Mkuu Charles Michel alisimama bungeni Brussels na kuomba radhi kwa niaba ya nchi yake. Baadhi ya waliomsikiliza walikuwa wazee wenye wajukuu, na walikuwa bado wanatafuta kaburi la mama. Katika historia ya shule za Rwanda kurasa hizi hazina budi kuwekwa pamoja na zile za ubatizo wa kwanza na upadre wa kwanza. Zilitokea kwenye kilima kilekile.

Kizazi kilichosomeshwa na misheni ndicho kilichoivunja serikali ya kikoloni na ufalme kwa pamoja. Grégoire Kayibanda, rais wa kwanza aliyechaguliwa wa jamhuri, alianza kazi kama mwalimu katika Institut Léon Classe mjini Kigali, kisha akawa mhariri wa Kinyamateka. Lakini mapinduzi ya 1959 na uhuru wa 1962 hayakufuta karatasi zile. Yaligeuza tu upande. Katiba ilitamka kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure. Darasani mwalimu alikuwa na daftari lenye safu ya kabila.

Watu wazima wa Rwanda wanaokumbuka miaka hiyo huanza na kitu kimoja. Mwalimu anasema: Wahutu simameni. Kisha: Watutsi simameni. Mtoto wa miaka saba ambaye nyumbani hakuambiwa lolote anasimama mara zote mbili, au hasimami kabisa, darasa linacheka, na jioni anamwuliza mama yake. Ushahidi wa aina hiyo umetolewa mara nyingi mno, na watu wa mikoa tofauti mno, hata hauwezi kuitwa kisa cha mwalimu mmoja mbaya. Ulikuwa utaratibu. Takwimu zilihitajika, kwa kuwa nafasi za sekondari ziligawanywa kwa uwiano wa makabila na mikoa, mfumo ulioitwa *iringaniza*, usawazishaji. Mtoto alifaulu mtihani wa darasa la mwisho kisha akangoja orodha, na orodha haikusoma alama zake peke yake. Mapema mwaka 1973 wanafunzi Watutsi walifukuzwa katika shule na vyuo. Julai mwaka huo Juvénal Habyarimana alipindua serikali, na uwiano ukawa siasa rasmi.

Mageuzi ya 1978 na 1979 yalikuwa na wazo zuri ndani yake. Shule ya msingi iliongezwa kutoka miaka sita hadi minane, Kinyarwanda kikawa lugha ya kufundishia hadi mwisho, na miaka ya juu ikaongezewa kilimo na ufundi, ili mtoto asiyekwenda sekondari, yaani karibu kila mtoto, atoke na kitu mkononi. Walimu hawakutosha na vifaa havikuja. Wazazi waliona watoto wao wakilima katika bustani ya shule, jambo walilolijua tayari nyumbani, huku watoto wa wakubwa wa Kigali wakipata Kifaransa kwa njia nyingine. Mwaka 1991 mpango ulifutwa na miaka sita ikarudi.

Aprili 1994 majengo ya shule yalitumika kwa kazi ambayo hayakujengewa. Watutsi walikimbilia huko kwa sababu walikuwa wamezoea kulindwa na kuta za padre na za mwalimu. Mwaka 1959 na 1963, waliposhambuliwa, kuta hizo ziliwahi kuwafaa. Kigali, katika shule ya ufundi ya ETO Kicukiro, zaidi ya watu 2,000 walikuwa wamekusanyika chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Tarehe 11 Aprili wanajeshi wa Ubelgiji waliondoka, na wengi wa watu hao wakauawa siku hiyohiyo. Mkoa wa Butare, ambamo Save ilikuwamo wakati huo, ulishikilia karibu wiki mbili, kwa kuwa gavana wake Jean-Baptiste Habyalimana alikataa kuruhusu mauaji. Aliondolewa. Tarehe 19 Aprili rais wa serikali ya muda, Théodore Sindikubwabo, naye mwenyeji wa Butare, alihutubia mjini na kuwataka watu wafanye "kazi". Waliouawa walikuwa wanafunzi, na walimu, na wazazi. Miongoni mwa waliowaua walikuwamo walimu pia. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yana mashahidi wengi, na daftari la darasa ni mmoja wao, kwa kuwa aliyetaka kujua nani ni nani hakulazimika kuuliza.

Shule zilianza kufunguliwa Septemba 1994, madirisha yakiwa hayana vioo. Safu ya kabila ilifutwa. Somo la historia ya Rwanda lilisimamishwa kwa miaka, kwani hakuna aliyejua lifundishwe vipi kwa watoto waliokaa dawati moja. Na ikaja tena ile shida ya zamani, ya lugha. Wakimbizi waliorudi kutoka Uganda walijua Kiingereza, wa Burundi na Zaire Kifaransa, wa Tanzania na Kenya Kiswahili. Waliobaki walikuwa na Kinyarwanda, lugha pekee iliyowaunganisha wote. Ada ya msingi ilifutwa mwaka 2003. Oktoba 2008 serikali iliamua kwamba Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa, na walimu waliosomea kazi yao kwa Kifaransa wakaingia kozi za likizo kujifunza maneno ambayo wangeyafundisha muhula unaofuata. Baadaye madarasa matatu ya kwanza yalirudishiwa Kinyarwanda, na Desemba 2019 yakaambiwa yatumie Kiingereza tangu siku ya kwanza. Mwalimu wa kijijini ameyapokea yote haya ubaoni kwake. Wataalamu wengi wa elimu husema mtoto hujifunza kusoma vizuri zaidi kwa lugha anayoota nayo, na historia ya Save, iliyowapa watu herufi mara tu ilipoanza kusema Kinyarwanda, iko upande wao.

Februari 2017 bunge lilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya nne. Mabango ya Biryogo hayakuhitaji kubadilishwa.

Kisha, katikati ya Machi 2020, milango ya shule zote ilifungwa kwa sababu ya korona. Serikali ilitumia ukimya huo kujenga: zaidi ya madarasa 22,000 nchi nzima, kwa lengo la kupunguza msongamano na zile zamu mbili ambazo nusu ya watoto husoma asubuhi na nusu mchana. Wakazi walijitokeza kusogeza mawe, mchanga na matofali, kazi ambayo babu zao wa Save waliifanya kwa ujira wa vitambaa na shanga. Madarasa ya juu yalifunguliwa kwanza. Wadogo, wa darasa la kwanza hadi la tatu, waliitwa wa mwisho, Januari 2021, baada ya miezi kumi nyumbani. Kigali ilikuwa imewekwa karantini wiki hiyohiyo, kwa hiyo watoto wa mjini walingoja hadi Februari, sare zikiwa zimeshapigwa pasi.